Mkaguzi, Usalama na Mwendeshaji: Istilahi Tatu za Usafiri wa Anga

Mkazi wa Tunduma hahitaji kufundishwa maana ya neno mkaguzi, kwani mji wake huishi kwa ukaguzi. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, na tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani baina ya Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa rasmi mwezi Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja wakitazama pasipoti, shehena, mimea na nyaraka za forodha. Mkaguzi wa hapo ana sifa yake: hukutana na mzigo, huuchungua, hugonga muhuri, na shughuli yake na mzigo huo huwa imekwisha.

Mkazi huyo huyo akishika barabara kuu kuelekea Mbeya atafika Kiwanja cha Ndege cha Songwe. (Msomaji aliye mbali asidhani kwamba kiwanja hicho kimo katika Mkoa wa Songwe. Kimo Mkoa wa Mbeya, na kilianza kutumika mwezi Desemba 2012. Mkoa wenye jina hilo, ambao Tunduma imo ndani yake na makao yake ni Vwawa, ulizaliwa mwaka 2016.) Hapo kiwanjani ndipo anapoweza kusikia cheo cha "mkaguzi wa usalama wa uendeshaji wa ndege", na hapo ndipo maneno matatu ambayo kila mmoja wetu huyatumia kila siku yanapoweza kumpoteza.

Tumeona inafaa kuyajadili sasa kwa sababu ya wajibu uliowaangukia wafasiri. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, pamoja na kanuni nyingi zilizo chini yake, haiwezi kukwepa mkondo huo. Kanuni hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, nazo hufuata viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Neno likikosewa humo, kosa huangukia mtu.

Tuanze na mkaguzi. Tofauti na mwenzake wa Tunduma, mkaguzi huyu, ambaye ni mtumishi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hatafuti kitu ndani ya mizigo wala hamwulizi abiria atokako. Anachokikagua ni kampuni nzima ya ndege: namna inavyowafunza marubani, inavyowapangia zamu na mapumziko, inavyoandika kumbukumbu zake, inavyopima uzito na kuhesabu mafuta. Kazi huanza kabla ndege haijabeba abiria hata mmoja. Kampuni hueleza nia yake, hupeleka maombi rasmi, vitabu vyake vya taratibu husomwa ukurasa kwa ukurasa, kisha hutakiwa kuonyesha kwa vitendo kwamba yaliyoandikwa ndiyo yatendwayo. Mwishowe hupewa cheti. Cheti hicho si leseni ya biashara. Hiyo ni karatasi nyingine, nayo hujibu swali jingine: kampuni inaruhusiwa kutoa huduma gani, na kwa njia zipi. Katika ofisi zetu maneno leseni, kibali na cheti hutumika kama ndugu mapacha. Katika kanuni za anga hapana budi yatenganishwe.

Baada ya cheti kutolewa ndipo kazi inapokuwa ndefu. Mkaguzi hufika uwanjani bila kubisha hodi, huizunguka ndege iliyosimama, huomba leseni za marubani na karatasi ya uzito. Siku nyingine huketi nyuma ya marubani katika safari ya kawaida yenye abiria. Haongozi, hafundishi wala haamuru. Hutazama na kuandika. Songwe ni mahali pazuri pa kuelewa anatazama nini. Kiwanja kipo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi; injini hupata nguvu pungufu, mabawa nayo huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuinua uzito ule ule. Basi mkaguzi huuliza: uzito wa kuondokea umehesabiwa kwa mwinuko na joto la hapa, au umenakiliwa tu kutoka safari iliyopita? Tena nyanda hizi zina ukungu na mawingu ya chini. Je, ndege ilitoka Dar es Salaam ikiwa na mafuta ya kuiwezesha kuelekea kiwanja kingine endapo Songwe itakuwa imefunikwa? Akikuta hatari ya wazi, sheria humwezesha kuizuia ndege isiruke. Neno mkaguzi, tunavyoona sisi, latosha kubeba kazi hiyo, mradi mfasiri asilichanganye na mchunguzi. Ajali ikitokea, kama ile ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022 iliyoua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo ndegeni, chanzo hutafutwa na wachunguzi wa ajali walio chini ya wizara, nje ya Mamlaka. Sababu yake ni nyepesi: huenda kosa moja likawa la mkaguzi mwenyewe, na mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi yake.

Neno la pili, usalama, ni gumu zaidi. Kiingereza kina maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja. La kwanza lahusu kinga dhidi ya mambo yatokeayo bila mtu kuyakusudia: injini kuharibika, rubani kuchoka, hesabu kukosewa. La pili lahusu kinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya: mtekaji nyara, au mwenye kuficha silaha katika begi. Mkataba wa Chicago wenyewe umeyatenga. Jambo hili la pili lina kiambatisho chake, cha 17. Katika Kiswahili yote mawili huitwa usalama, na juu ya hayo wananchi huwa na maana ya tatu masikioni, ile ya idara inayolinda siri za dola. Mtu akijitambulisha mbele ya fundi wa ndege kuwa ametoka "usalama", asishangae fundi akifunga mdomo. Na hapo ndipo hasara ilipo, kwani kazi ya mkaguzi yategemea sana fundi na rubani kusema wazi kwamba jana nati ilisahauliwa, au kwamba usingizi ulikuwa haba. Mtu hamsimulii kosa lake mtu anayemdhania mpelelezi.

Rai yetu ni kwamba neno usalama libaki kwa kinga dhidi ya ajali, na lile la pili liitwe ulinzi, kwa mfano "ulinzi wa usafiri wa anga". Wako watakaopinga kwamba ulinzi huleta picha ya askari na rungu mlangoni. Pingamizi hilo lina uzito, lakini picha hiyo angalau yaelekea upande ulio sahihi: mlinzi humngoja mtu, hangoji nati iliyolegea.

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa, ijapokuwa laonekana dogo kupita yote. Kanuni humtaja daima mtu anayewajibika: ahakikishe marubani wamepumzika, ndege imetunzwa, mafuta yanatosha. Mtu huyo si rubani. Ni kampuni. Mfasiri wa haraka ataandika "mwendesha ndege", na kila Mswahili atamwona mtu aliyeshika usukani, kwa kuwa mwendesha gari ni dereva na mwendesha pikipiki ndiye aliyepanda juu yake. Kanuni isemayo kwamba "mwendesha ndege atahakikisha muda wa kazi hauzidi kiwango" itakuwa imemtwika mwajiriwa mzigo wa mwajiri. Fikiria dereva wa lori pale Tunduma akishtakiwa kwa sababu tajiri wake amempangia safari mbili bila kulala. Ndivyo itakavyokuwa kwa rubani, tena kwa maandishi ya sheria. Kiambishi -ji husaidia kidogo, kwani "mwendeshaji" huelekea kwa mwenye shughuli ya kudumu, lakini hakitoshi. Tunapendekeza "mwendeshaji wa huduma za ndege", na maana yake ielezwe katika fasili za mwanzo za kila kanuni kuwa ni mtu au kampuni yenye shughuli ya kurusha ndege. Rubani aitwe rubani.

Kwa ufupi tutaje pia ndege yenyewe. Wengine huandika "uwezo wa kuruka". Ndege mbovu inaweza kuruka. Tatizo ni kwamba haifai. Iandikwe "kufaa kuruka".

Mwezi Juni 2025 Tume ya Umoja wa Ulaya iliyaingiza mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni upungufu mkubwa wa wataalamu wenye sifa katika chombo cha nchi chenye kazi ya kuyatazama. Kazi hiyo ya kuyatazama iitweje? Ikiitwa "usimamizi", msomaji atadhani serikali ndiyo inayoyaendesha mashirika, hali mengi ni ya watu binafsi. "Uangalizi" lasema kilichopo: yupo atendaye, na yupo amtazamaye.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ukaguzi ule wa kuketi nyuma ya marubani wengine huuita "ukaguzi wa njiani". Mtu wa Tunduma akilisikia atafikiria kizuizi cha barabarani na trafiki mwenye tochi. "Ukaguzi wa ndani ya safari" ni refu, na "ukaguzi wa angani" huacha nje sehemu ya kazi inayofanyika kabla ya magurudumu kuiacha ardhi. Wasomaji walio karibu na viwanja vya ndege, na hasa walimu wa vyuo vya usafirishaji, tunawaomba watuandikie watumiavyo wao.