Mhudumu wa Afya Ajifunze Kusikiliza Kwanza

Mama amekaa kwenye benchi la kliniki na mtoto mwenye homa. Muulize malaria huenezwa na nini, atajibu bila kusita: mbu. Muulize kama jana usiku mtoto alilala ndani ya chandarua, atanyamaza. Huyu hajakosa elimu. Huenda chandarua kimechanika, au fedha ya kingine imeishia kwenye unga. Mhudumu akimhubiria tena habari za mbu, hajamsaidia.

Hapo ndipo taaluma ya masoko ya kijamii inapohitajika. Jina hilo lilienea baada ya Philip Kotler na Gerald Zaltman kuandika makala yao mwaka 1971. Mhudumu huazima mbinu ya mfanyabiashara ya kumjua mteja, ila faida inayotafutwa ni afya ya mteja mwenyewe. Hujiuliza maswali manne. Tunampa mtu nini? Kitamgharimu nini, kwa fedha, muda au aibu? Atakipata wapi? Ataelezwa na nani, kwa maneno gani? Kosa kubwa la semina zetu ni kurukia swali la mwisho: tunachapisha mabango kabla ya kujibu matatu ya mwanzo.

Tanzania inao mfano wake. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulianza mwaka 1996 kwa kuwauliza wanakijiji maoni yao. Vyandarua na dawa yake viliuzwa kwa jina lililoeleweka na kila mtu, Zuia Mbu, tena karibu na nyumbani, kupitia mawakala wa vijijini. Wajawazito na mama wenye watoto wachanga walipewa hati ya punguzo kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo ukaanza kitaifa.

Kusikiliza hufichua pia mambo ambayo takwimu za zahanati hazionyeshi. Utafiti wa Bagamoyo miaka ya 1990 ulibaini kuwa wazazi wengi waliiona degedege kama ugonjwa mwingine kabisa, usiohusiana na malaria. Kwa mzazi wa namna hiyo, ujumbe wa "chandarua huzuia malaria" haugusi kile anachokiogopa zaidi.

Kwa hiyo, mafunzo ya wahudumu yasiishie ukumbini. Wapelekwe vijijini wakae na kina mama, wajaribu ujumbe wao kwa watu wachache kabla ya kuutangaza, kisha wapimwe kwa idadi ya watoto wanaolala ndani ya chandarua badala ya vipeperushi vilivyogawiwa. Wakuu wa vyuo na waganga wakuu wa wilaya, tengeni siku za ziara hizo za vijijini kwenye ratiba zenu. Yule mama wa kwenye benchi anajua kinachomzuia, na atamwambia mhudumu atakayemuuliza.