Jirani Kabla ya Nyumba

Mwisho wa mwezi ukitimia, ewe msomaji, simama kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi asubuhi na mapema, utazame. Utaona mikokoteni na malori madogo yamesheheni magodoro, masufuria, viti na makabati, na juu kabisa jiko la makaa. Huyu atoka Kaloleni aenda Umoja. Yule atoka Umoja aenda Kayole. Katika mitaa hii ya mashariki, iitwayo Istlands, wakaaji wengi ni wapangaji, na mpangaji ni mfano wa ndege: leo tawi hili, kesho lile.

Kwetu pwani jambo hili ni zito. Lamu au Mombasa ya kale, mtu aweza kufia katika chumba alichozaliwa babake. Lakini Waswahili wa Nairobi walijua kuhama tangu mji ungali mchanga. Miongoni mwa vijiji vyao vya mwanzo vilikuwapo Mombasa, Maskini na Pangani. Mombasa na Maskini vilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na watu wakapelekwa Pumwani. Huko, katika Majengo, wenye viwanja walijijengea nyumba za Kiswahili: njia katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Na miongoni mwa wenye nyumba hao walikuwamo wanawake wengi. Pangani ilistahimili mpaka mwaka wa 1939, nayo ikabomolewa, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, mtaa uliojengwa na halmashauri ya mji.

Kuhama huko hakukuwa kwa hiari, wala hatukusifu. Lakini lina funzo moja. Watu wale walihama wengi pamoja, hata mtu akifungua dirisha katika mtaa mpya, aliweza kusikia sauti aliyoizoea. Mpangaji wa leo huhama peke yake. Ndiyo maana hana budi kupanga safari yake vizuri zaidi kuliko wao.

Mimi nililijua hili nilipotaka kumhamisha mama kutoka Majengo kwenda Umoja. Mtaa wa Umoja ulianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba zikiwa za chini, lakini sasa maghorofa yamepanda kila upande. Nilipata vyumba viwili ghorofa ya nne, rangi mpya, vigae sakafuni. Nikarudi kwa furaha kumweleza mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Samadari yangu itapanda ngazi hizo?"

Sikuwa nimepima. Kitanda kile kilitoka Lamu, na ngazi za nyumba ile hazikutosha watu wawili kupishana. Mama akaongeza: "Na mimi je, nitapanda? Nikifa huko juu, mwanangu, ni nani atakayekuja kunikosha?"

Neno hilo lilinikata maini. Majengo mtu akifariki, habari hutoka msikitini, na kabla chai haijapoa wanawake wamejaa uani, wanaume wanashauriana juu ya sanda na kaburi pale makaburini Kariakor. Katika nyumba za ghorofa nyingi, mlango ukifungwa umefungwa. Waweza kukaa mwaka mzima usilijue jina la aliye mbele yako.

Basi nikaanza upya. Safari hii sikuanza kwa kea-teka. Nilianza msikitini. Ijumaa tatu mfululizo nilikwenda kuswali katika mtaa ule, na baada ya swala nikakaa na wazee, nikaeleza haja yangu. Ijumaa ya tatu mzee mmoja akanishika mkono, akanipeleka kwenye nyumba ya chini, rangi yake imefifia, bali ndani ya ua mna wanawake wawili wakichambua mchele. Mmoja wao alimjua shangazi yangu.

Nawe msomaji ukitaka kuhama, jihimu kwa mambo haya. Kwanza, nyumba usiitazame mara moja. Nenda asubuhi, uone foleni ya maji. Tangu 2017 Nairobi imezoea maji ya mgao, basi uliza yanakuja siku gani, na tangi ni la nani. Nenda tena baada ya Isha, uone taa za njiani na usikie kelele za jirani. Pili, pima mlango na ngazi kwa kamba kabla ya kukodi gari. Tatu, toa notisi mapema na kwa maandishi, kwani amana yako aghalabu hucheleweshwa, hali kule uendako wataka amana nyingine pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Asiyejiwekea akiba hujikuta analipa nyumba mbili kwa mshahara mmoja. Nne, uliza kama mita ya stima ina deni la mpangaji aliyetangulia, na uandikiane na mwenye nyumba kila kilichovunjika kabla hujaingia, usije ukalipia kioo usichokivunja.

Tano, na ndilo kubwa: ujue chuo cha watoto kiko umbali gani, na mtoto avuka barabara gani kukifikia. Wengi huhesabu nauli ya kwenda kazini wakasahau hatua za mtoto kwenda chuoni.

Siku ya kuhama tulipakia lori baada ya Alfajiri. Samadari ilipita mlangoni bila kukwaruzwa. Mama alifukiza udi vyumbani, akaketi kizingitini. Kabla ya adhuhuri jirani alipiga hodi, bakuli la uji wa mchele mkononi. Mama akalipokea, akamuuliza jina lake, na jina la mamake, na kwao wapi. Wakazungumza mpaka adhana.

Jioni nilimuuliza kama nyumba imempendeza. "Bati lavuja pembeni," akasema, "lakini sasa najua wa kunikosha."

Waarabu husema: jirani kabla ya nyumba. Bati tumekwisha kuliziba.