SHINA LA DAMU NA HAKI YA MKULIMA

Mkulima wa Endasak, chini ya Mlima Hanang, ajua vema kwamba mti wenye ugonjwa shinani hauponi kwa kupunguzwa majani. Ndivyo yalivyo maradhi ya selimundu. Damu huzaliwa katika uloto ulio ndani ya mifupa, nako ndiko ziliko seli shina, mama wa chembe zote za damu. Kwa mgonjwa wa selimundu, mama hao huzaa chembe nyekundu ambazo hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa na kumtesa mtoto kwa maumivu makali.

Tiba ifikayo shinani ni kupandikiza uloto wa mtu mwenye afya. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwatibu hivyo watoto wenye selimundu mwaka 2023. Huo ni ushindi wa Taifa, nasi twajivunia. Lakini uloto hauna budi ulingane na mwili wa mgonjwa, na kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana bahati moja tu katika nne ya kulingana naye kikamilifu. Asiye na ndugu wa kufaa afanyeje?

Hapo ndipo tutazame Melbourne, Australia. Mwaka 2024 wataalamu wa Taasisi ya Murdoch ya Utafiti wa Watoto walitangaza kwamba wamezirudisha seli za binadamu katika hali ya uchanga, kwa njia iliyoanzishwa na Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2006, kisha wakazilea katika maabara hata zikawa seli shina za damu. Walipozitia katika panya, zilishika na kuzaa damu. Tumaini ni kwamba siku moja mgonjwa atapandikizwa mbegu iliyotoka mwilini mwake mwenyewe, kasoro yake ikiisha kurekebishwa.

Lakini tusidanganyane: panya si binadamu. Ajaye kijijini leo kuuza “seli shina” ndani ya chupa asisadikiwe.

Twasema, basi, mambo mawili. Watoto wapimwe wangali wachanga, maana agunduliwaye mapema hukingwa na mengi. Na vijana wetu wafundishwe kazi hii ya maabara sasa, tusije tukabaki wanunuzi wa maarifa ya wengine. Elimu hii itakapokomaa, mtoto wa mkulima wa Endasak na aipate sawa na mtoto wa tajiri wa mjini.