KIDOLE CHAKO NI SAHIHI YAKO
(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Wanafunzi wa Mbagala na kwingineko, kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: KIDOLE, LAINI, SIRI. Yasomeni kwa sauti. Vema.

Zamani aliyetia dole gumba katika karatasi ni yule asiyejua kuandika jina lake. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu Mei 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Basi hata profesa hutia kidole. Kila laini iliyosajiliwa kwa kidole chako huhesabiwa kuwa yako. Likitendeka ovu kwa laini hiyo, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Tuseme Mama Asha, muuza mihogo, amekwenda Rangi Tatu kusajili laini. Kijana aliyeketi chini ya mwamvuli anamwambia, "Mama, mashine imekataa, weka kidole tena." Anaweka. Pengine ni kweli imekataa. Lakini pengine mara hii ya pili kijana anasajili laini nyingine, apate kuiuza kwa tapeli. Kisha tapeli huwapelekea watu ujumbe: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mtu aliyekuwa karibu kulipa kodi hudhani ni mwenye nyumba wake, naye hutuma. Polisi wakitafuta, jina wanaloliona ni la Mama Asha.

Je, utajilindaje? Sikiliza vizuri.

Kwanza, piga *106# katika simu yako, ufuate maelekezo. Utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, chukua kitambulisho, nenda katika duka la kampuni ya simu hiyo, uombe ifutwe.

Pili, ukiambiwa uweke kidole tena, uliza sababu, na usome kioo cha mashine kabla ya kuweka. Hapo ndipo kusoma kunapomfaa mtu.

Tatu, namba ya siri ya pesa zako usimwambie mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kampuni.

Nne, mwanao aliye chuoni akiomba ada kwa namba ngeni, usitume. Mpigie kwa namba yake unayoijua, usikie sauti yake. Naye mfundishe afanye vivyo hivyo akiletewa ujumbe kwa jina lako.

Tano, ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040, iliyowekwa kupokea habari za matapeli.

Haya, jibuni katika daftari:
1. Kwa nini Mama Asha alitafutwa na polisi?
2. Ukipiga *106#, utajua nini?
3. Andika ujumbe mfupi wa kumwonya jirani yako.

Mwenye simu na ajaribu swali la pili leo, kabla ya kulala. Kwa herini mpaka somo lijalo.