Chuo Kidogo Katikati ya Mashamba ya Mahindi

Kila mwaka, nafasi za vyuo vikuu zinapotangazwa, nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu huingia katika mazungumzo yaleyale. Binti amefuzu, barua imefika, lakini jina la chuo halimwambii mtu yeyote kitu. Bibi huuliza, "Huko ndiko wapi, mwanangu?" Mama huwaza ataishi na nani. Baba hushangaa kwa nini hakupewa Nairobi, au chuo kilicho karibu na bahari. Na kwa kuwa jina ni geni na chuo chenyewe ni kidogo, hukumu hupitishwa upesi: elimu yake nayo lazima iwe ndogo.

Wazazi wenzetu, makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo. Twende pamoja hadi mbali kidogo, kwenye nchi ambayo wengi wetu hatujaikanyaga, ingawa sima yake huenda tunaila kila siku.

Kibabii na majirani zake

Kiminini ni mji mdogo wa Kaunti ya Trans Nzoia, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Msafiri wa Mombasa hukata zaidi ya kilomita 800 kabla ya kuufikia. Kaskazini-magharibi yake umesimama Mlima Elgon, na kusini-magharibi iko Bungoma. Ni nchi ya baridi ya asubuhi, udongo mzuri na mahindi yanayotanda hadi upeo wa macho.

Nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa njia ya Chwele, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kibabii. Kilianza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, na mnamo Novemba 2015 kikapewa hati ya kujitegemea. Ni kichanga kikilinganishwa na vyuo vya Nairobi. Hata hivyo, ndani yake zimo taaluma za kompyuta, ualimu, biashara, sayansi na lugha, na kimekuwa kikiandaa makongamano yanayowakutanisha watafiti wa fani mbalimbali, ili mwalimu wa hesabu amsikilize mtaalamu wa lugha, na huyu naye amsikilize mwanasayansi.

Jambo moja litawafurahisha watu wa pwani. Profesa Isaac Ipara Odeo, aliyepata kukiongoza chuo hicho akiwa Makamu Chansela, ni mwanazuoni wa Kiswahili na fasihi simulizi. Lugha iliyolelewa Lamu, Mombasa na Unguja imepata mlezi katika nchi ya Wabukusu, na chuo kikamkabidhi usukani.

Kibabii hakikuanzia kwenye nchi tupu. Mjini Kitale, afisa wa Kiingereza aliyependa kukusanya vipepeo, ndege na vitu vya kale, Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki, makusanyo yake yakawa urithi wa taifa, na mwaka 1974 makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa umma. Mwaka 1984 kilianzishwa Kituo cha Kilimo cha Manor House, ambacho kimewafundisha wakulima wadogo kulima kipande kidogo cha ardhi kwa kuchimba udongo kwa kina na kuurutubisha kwa mboji. Hakuna hata kimoja kati ya vituo hivi kilicho kikubwa. Lakini vyote vilifungua mlango wa mbele, yaani mlango unaotazama watu.

Mbegu iliyotoka maabara ikafika sokoni

Kitale pia ndiko kuliko kituo cha utafiti wa mahindi. Mwaka 1955, mtafiti Michael Harrison alianza kazi ya kutafuta mbegu bora kwa nyanda za juu. Mwaka 1961 ikatolewa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II. Kisha mbegu hiyo ikachanganywa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 ikapatikana chotara iliyopewa jina H611.

Chotara hiyo ingeweza kubaki katika daftari za watafiti. Haikubaki. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, iliizalisha na kuifikisha katika maduka ya vijijini, na mashamba ya maonyesho yakapandwa mahali ambapo jirani angeweza kupita akaona kwa macho yake. Wakulima wadogo, ambao watu wengi walidhani watashikilia mbegu za mababu, waliipokea kwa kasi.

Hapa ndipo penye somo. Utafiti una miguu miwili: ugunduzi ni mguu mmoja, na kumfikia mtu ni wa pili. Wenye mguu mmoja hawafiki mbali.

Mfano mwingine ni ule unaoitwa Vuta Sukuma, uliobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na washirika wake, na kujaribiwa katika mashamba ya wakulima wa magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia ikiwemo. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea ambao harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na mizizi yake huzuia kiduha, gugu linalonyonya mahindi. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya tembo, nayo huwavuta nondo walewale nje. Mkulima hupata mahindi, na ng'ombe wake hupata malisho. Viwavijeshi vamizi walipogunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2017, wakulima waliokwisha kuzoea kufanya kazi na watafiti walijua angalau mlango wa kubisha hodi.

Somo la jikoni

Huenda mama mmoja akauliza: haya ya shambani yanatuhusu nini sisi tuishio kwa kununua unga dukani? Yanatuhusu sana. Mahindi ya nyanda za juu huvunwa, husafirishwa na hufika katika masoko na vinu vya kila pembe ya nchi. Yasipokaushwa vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga sima muda mrefu. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Dawa yake huanza na elimu nyepesi, ile ambayo maafisa wa kilimo huifundisha barazani, nayo inafaa kwa yeyote anayenunua mahindi mazima. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo au theluthi ya chupa, kisha ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, halafu iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yaanike tena. Chumvi isipoganda, unyevu umeshuka chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu inatakiwa ufike asilimia 13.5. Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, na uzitupe punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi. Jambo moja lisisahauliwe: chupa hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu hayatakaswi kwa kukaushwa.

Tazameni jinsi elimu ilivyosafiri. Wataalamu waliojua kemia ya ukungu na kiasi cha unyevu kinachouzaa waliupunguza ujuzi huo hadi ukaenea ndani ya chupa na kijiko cha chumvi. Hiyo ndiyo huduma ya chuo kwa jamii ikifikia ukamilifu wake.

Deni la vyuo, na deni letu

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Kazi ya tatu ndiyo husahauliwa upesi. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, zikafungwa kwa jalada zuri na kupangwa rafuni, ilhali mama aliyehojiwa katika utafiti hajui kamwe majibu yake yalizaa nini. Kwa chuo kidogo dhara hili ni kubwa zaidi, kwani hakina sifa ya jina wala fedha nyingi za kukikinga. Sababu yake ya kuwepo ni watu wanaokizunguka. Wasipokiona na faida, nani atakitetea bajeti inapobana?

Sisi watu wa pwani tunalielewa jambo hili kwa historia yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Swaleh alifundisha Lamu na kuujenga Msikiti wa Riyadha. Hakuwa na majumba makubwa. Alichokifanya ni kuwafungulia darsa watu wa daraja zote, hata waliokuwa watumwa na watoto wao, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Leo Riyadha inajulikana mbali na kisiwa chake. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa elimu yenye manufaa ni katika mambo ambayo thawabu zake hazikatiki mtu anapofariki. Manufaa ndiyo sharti; ukubwa wa jengo haukutajwa.

Basi barua ya chuo kigeni ikifika nyumbani, tusianze na umbali wa njia. Ni haki ya mzazi kuuliza juu ya makazi salama, gharama, mkopo, mahali pa kuswalia na jamaa watakaomtazama binti. Lakini tuongeze maswali matatu. Walimu wa chuo hicho wanatafiti nini? Wanafunzi hutoka kwenda kujifunza kwa watu gani? Na matokeo ya utafiti huwarudia wananchi kwa lugha gani? Maswali haya tukiulize pia Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na vyuo vyetu vya Mombasa, kwani wavuvi, wakulima wa minazi na akina mama wa mwani nao wana haki ya chupa yao ya chumvi.

Na binti akirudi likizo kutoka Bungoma, tusimuulize alama peke yake. Tumketishe jikoni, tumuulize: "Umejifunza nini kitakachotufaa?" Akiwa na jibu, chuo chake si kidogo.