Khatari za Pikapu Kuukuu



Msimu huu gari ya Chama ilipakia magunia 20 ya karafuu kavu, kila gunia kilo 50, nayo ni tani moja kamili. Ilipokuwa ikiteremka kutoka Kijichi kwenda Bububu dereva alikanyaga breki, na pedeli ikazama mpaka chini kama iliyokatika. Akarudisha gia ya pili, akavuta breki ya mkono, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu ikasimama kabla ya kufika barabara kuu, ambako daladala na watoto wa skuli hawakatiki. Juu ya magunia walikuwako wachumaji wawili. Ni sisi wa ofisini tuliowaruhusu kupanda, na lawama hiyo hatumtupii dereva.

Fundi alipoifungua alizikuta shuu za breki zingali nene. Kosa lilikuwa katika mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na kisiwani kwetu unyevu si haba. Basi dereva akilaza mguu juu ya breki mteremko mzima, breki hupata moto, na yale maji yaliyoingia huchemka yakawa mvuke. Mafuta hayabonyei, illa mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedeli huzama. Tena ikishapoa breki hurudi kama kawaida, mwenye gari akasema, "Mbona nzima?" Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Yafaa mafuta yamwagwe yote na kutiwa mapya kila miaka 2, si kuongezwa tu yakipungua. Na mteremkoni gari ishikwe kwa gia ndogo tangu juu, si baada ya kwisha kushika kasi.

La pili ni kutu. Upepo wa bahari hauchagui gari ya mjini wala ya shamba, na pahala pabaya khasa ni chini, pale springi zinapofungwa kwenye chesisi. Chukueni nyundo ndogo mgonge: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya bubu. Kupaka rangi juu ya kutu, kama wafanyavyo baadhi yetu kila Idi inapokaribia, ni kumpendezesha mgonjwa.

Tairi nazo msizitazame meno peke yake. Tairi ya mtumba yaweza kuwa na meno mazuri na mpira umekwisha kukauka kwa uzee. Ubavuni, penye herufi DOT, tazameni tarakimu 4 za mwisho: 1418 maana yake ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Ikiwa na nyufa ubavuni, haidhuru meno yake, msiipakilie gunia hata moja.

Rejeta ikichemka, subirini ipoe. Kifuniko kikifunguliwa kwa haraka maji ya moto huruka usoni.

Gari ya Chama sasa iko kwa fundi na haitachukua mzigo mpaka breki zijaribiwe mteremkoni ikiwa na uzito. Itakaporudi itapakia magunia 15, wala hapana mtu atakayepanda juu yake, awe mchumaji au mjumbe wa Kamati. Twajua kwamba foleni ya kupeleka karafuu mjini itarefuka. Majina ya zamu yataandikwa ofisini kwa kufuata aliyetangulia kuanua.