Vijazo vya Chujio la Tangi la Samaki: Uteuzi na Utunzaji Wake

Maji ya tangi la samaki yaweza kuwa maangavu hata mtu akaona kila changarawe iliyolala chini, na hali samaki waliomo wanatweta juu ya uso wa maji kwa sumu isiyodirikiwa na jicho; na yaweza kuwa na ukungu kidogo, ilhali samaki wakala na kuogelea kwa siha kamili. Kwa sababu hiyo, mtu anunuaye chujio kwa nia ya kuyapendezesha maji tu, akasahau uhai wa viumbe aliojitwisha amana yao, ameshika tawi akaacha shina. Muradi wa makala haya ni kueleza vile vitu vinavyotiwa ndani ya chujio, yaani sifongo, pamba, vijiwe, mkaa na vinginevyo, ambavyo tutaviita vijazo: kipi kina kazi gani, kipi kitangulie kipi, na vitunzwe kwa namna gani ili visiharibiwe na usafi ule ule unaokusudiwa kuvifaa.

Samaki hutoa amonia, aghalabu kwa njia ya matamvua yake, na amonia nyingine hutokana na kinyesi, majani yaliyooza na chakula kilichobaki bila kuliwa. Ziwani au mtoni sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji, lakini katika tangi la lita 100 haina pa kwenda. Ukali wake hufuata kipimo cha pH, ambacho hupanda asidi ya maji inapopungua: katika maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifikii hata moja katika mia, pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hukaribia 5 katika mia, na ikifika 9, hupita 35 katika mia. Basi samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaopendwa na wafugaji duniani kote kwa rangi na tabia zao, na ambao maji yao ya asili yana pH ya karibu 9, wamo katika hatari kubwa zaidi chujio linaposhindwa kazi, kuliko samaki wa vijito vya Amazon waliozoea maji yenye asidi.

Dawa ya amonia haikubuniwa na wafanyaji wa machujio, bali imo katika maumbile tangu kale, na wanadamu waliigundua kwa jaribio ambalo kwa hakika lilikuwa chujio. Mwaka 1877, huko Ufaransa, wataalamu wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole katika mrija uliojazwa mchanga na chokaa. Siku zipatazo 20 zilipita pasipo badiliko lolote. Kisha amonia ikaanza kutoweka, na mahali pake pakatokea nitrati. Walipoingiza mvuke wa klorofomu kazi ilisita, na walipotia maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani ikaanza upya. Hapo ikadhihirika kwamba mtendaji hakuwa mchanga wala chokaa, bali viumbe hai visivyoonekana. Miaka zaidi ya kumi baadaye, Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya utafiti mjini Zurich, alifaulu kuvitenga viumbe hivyo na kubainisha kwamba kazi yao ni ya hatua mbili: kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili maadamu haikuzidi kiasi.

Kutokana na maarifa hayo twapata kanuni ya kuteua kijazo kilicho muhimu kuliko vyote, nacho ni kile kinachowapa bakteria makazi. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini, bali hunata juu ya vitu. Kwa hiyo kijazo chema ni kile chenye uso mpana ndani ya nafasi ndogo, na kinachopitisha maji bila kizuizi, kwani pasipo maji yenye oksijeni makazi hayo ni gofu. Vijiwe vya kauri vyenye vinyweleo, mawe mepesi ya volkano na sifongo ngumu vyote vyaifanya kazi hiyo, wala bei kubwa si dalili ya ubora, kwa kuwa vinyweleo vidogo mno huzibwa na tope, na uso ulioahidiwa na muuzaji ukawa hauna faida. Sifongo hupimwa kwa idadi ya matundu katika inchi moja: ya 20 ni ya matundu makubwa, ya 30 ni ya wastani, na ya 45 huzuia vumbi jembamba lakini huziba upesi. Kwa tangi dogo la nyumbani, sifongo ya wastani peke yake, inayosukumiwa hewa na pampu ndogo, hukamata uchafu na kuwahifadhi bakteria kwa pamoja.

Chujio likiwa na vyumba vingi, utaratibu wa vijazo ufuate safari ya maji: kwanza sifongo ya matundu makubwa, kisha pamba laini, ndipo vijiwe vya bakteria, ili tope lisiwafikie na kuwazibia pumzi. Yafaa kuangalia maji huingilia wapi, kwani katika machujio mengi ya mtungi huanzia chini na kupanda, na mtu apangaye vijazo kwa kutazama juu kwenda chini huweza kuutangua utaratibu wote.

Vijazo vya kikemia vina nafasi yake, lakini si vya lazima kila siku. Mkaa maalumu wa chujio, ambao mwingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyotiwa joto kali na mvuke hata vikajaa vitundu visivyohesabika, huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Mkaa wa kupikia haukutengenezwa hivyo, wala hauwezi kushika mahali pake. Mkaa wa chujio hauondoi amonia, huchoka baada ya wiki chache, na ni wajibu kuutoa wakati wa kumtibu samaki, la sivyo utainyonya dawa kabla haijamfaa mgonjwa. Zeolaiti, ambayo ni aina ya madini, hunasa amonia katika maji yasiyo na chumvi, lakini chumvi huilazimisha kuitema tena; basi isitumiwe katika tangi la maji ya bahari, wala isiachwe ndani mtu anapotia chumvi kwa ajili ya matibabu.

Kuna kijazo kingine chenye manufaa makubwa kwa samaki wa maziwa ya Tanganyika na Nyasa, nacho ni vipande vya makombe au matumbawe yaliyokufa. Bakteria wanapoigeuza amonia hula akiba ya chokaa iliyomo majini: kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia hugharimu zaidi ya gramu 7 za kalisi kaboneti. Akiba ikiisha pH huanguka, na ikikaribia 6 bakteria wenyewe hudhoofika. Makombe yaliyooshwa vizuri huyeyuka kidogo kidogo na kuirejesha akiba hiyo. Ila hayawafai samaki wapendao maji laini. Na sisi wakazi wa pwani tuna wajibu wa kuokota makombe matupu tu, wala tusivunje matumbawe hai, kwa kuwa ni dhuluma kuwajengea samaki wachache nyumba kwa kubomoa makazi ya wengi.

Tukija kwenye utunzaji, kosa lililoenea ni kuosha vijazo vyote kwa siku moja chini ya bomba mpaka vikatakata. Klorini iliyotiwa maji ya bomba ili kuua vijidudu haibagui, na bakteria waliojengeka kwa wiki nyingi huweza kuangamia kwa muda mfupi. Baada ya siku mbili tatu samaki huweza kuanza kufa, naye mwenye tangi hustaajabu, kwa sababu maji hayajapata kuwa maangavu namna ile. Lililo sawa ni kuchota maji ya tangi lenyewe katika ndoo, na kuikamua humo sifongo mara mbili tatu, mpaka maji yapite tena kwa urahisi. Vijiwe vya bakteria visuuzwe tu pale mtiririko unapopungua, na sehemu moja iachane na nyingine kwa wiki mbili au zaidi. Pamba laini itupwe inapoziba. Sifongo iliyochakaa ibadilishwe nusu, na nusu ya zamani ibaki kuiambukiza mpya.

Umeme ukikatika, chujio la mtungi uliofungwa huwa hatarini, kwani bakteria huendelea kuvuta oksijeni iliyobaki, na baada ya saa chache huanza kufa. Mtungi ufunguliwe, vijazo vitiwe ndani ya tangi au katika beseni pana la maji yake, na maji yaliyolala mtungini yamwagwe kabla ya kuwasha tena.

Tangi jipya lahitaji subira ya wiki nne hadi sita kabla bakteria hawajatosha, na kipande cha sifongo kutoka tangi la rafiki lenye afya hupunguza sana muda huo. Hata chujio kamili haliondoi nitrati, kwa hiyo robo ya maji na ibadilishwe kila wiki, kwa maji yaliyotolewa klorini. Mwenye fedha chache anunue sifongo njema na kipimo cha amonia na nitriti kabla ya kijazo kingine chochote: maadamu vipimo vyote viwili vyaonyesha sifuri na maji yapita vyema, chujio latimiza wajibu wake, hata likiwa na rangi ya tope, na heri liachwe lifanye kazi.